Huruma Inayokubali Kupimwa

 Somo la jioni hii latoka Injili ya Marko, sura ya 5, aya ya 25 na ya 26. Ni habari ya yule mama aliyetokwa na damu muda wa miaka 12. Habari yake mwaijua. Tangu shule ya Jumapili tumefundishwa jinsi alivyojipenyeza katikati ya umati hata akaligusa vazi la Bwana Yesu. Lakini leo sitawafikisha kwenye vazi. Nataka tukae kidogo kwenye aya ya 26, ambayo wengi wetu huisoma mbiombio ili tuufikie muujiza. Pale Marko aeleza kwamba mama huyu alipitia kwa waganga chungu nzima, kwamba walimtaabisha mno, kwamba mali yake yote iliishia kwao, na baada ya hayo yote hali yake ilikuwa mbaya kuliko siku alipoanza kutibiwa.

Mtakatifu Luka aisimulia habari hiyo hiyo katika sura yake ya 8, ila yeye ataja kwamba hapakuwa na mtu wa kumponya. Habari za kutaabishwa na kuzidiwa amezipitisha kimya. Paulo amwita Luka mganga, na mwalimu wetu mmoja chuoni alipenda kutuchekesha hapo, akisema kwamba fundi hamwagi siri ya fundi mwenzake. Basi namshukuru Mungu kwa ajili ya Marko, ambaye hakuwa mganga, naye hakuona haya kuandika kwamba matibabu yaweza kumzidishia mtu ugonjwa.

Angalieni jambo moja. Marko hasemi kwamba waganga wale walikuwa matapeli. Huenda mmoja wao alikuwa tapeli, sijui. Lakini miaka 12 ni mingi, na waganga walikuwa wengi, na bila shaka miongoni mwao walikuwako watu wenye huruma, watu waliokesha wakimwazia mama huyu, wakampa walichofundishwa na walimu wao. Naye akazidi kudhoofika mikononi mwa huruma yao.

Sasa na tuje hapa kwetu Nairobi. Ukipanda basi mjini ukafuata Ngong Road, ukaipita njia ya kuingia Hospitali Kuu ya Kenyatta, ukafika Dagoretti Corner na kukata kulia kuelekea Kawangware, utaona kando ya barabara kliniki nyingi ndogo ndogo. Vivyo hivyo ukienda Kangemi. Na katika kliniki hizo, kama vile katika hospitali kubwa, kuna dawa moja ambayo watu wetu huipenda kuliko dawa zote. Dawa hiyo ni maji ya dripu. Mtu akishikwa na homa, akaambiwa na daktari ameze vidonge na kupumzika, hutoka akinung'unika: “Hata maji hawakuniwekea.” Nami niendapo kuombea wagonjwa, mara nyingi swali la kwanza la jamaa zake kwangu halihusu sala. Huniuliza, “Mchungaji, umeona kama wamemwekea maji?” Wakiona chupa inaning'inia juu ya kitanda, nyuso zao hutulia. Chupa ile yaonekana. Tone baada ya tone, mtu aona kwamba ndugu yake anashughulikiwa.

Siwacheki. Madaktari wenyewe, tena walio mabingwa, walikuwa na imani kama hiyo, na habari ninayotaka kuwasimulia ni ya jinsi imani hiyo ilivyopimwa katika hospitali za Afrika Mashariki.

Mtoto akishikwa na maambukizo makali, kama malaria kali, au nimonia, au vijidudu vilivyoingia katika damu, hufika mahali ambapo damu haizunguki vizuri mwilini mwake. Mikono na miguu huwa baridi, moyo hupiga mbio, mtoto hulegea. Wauguzi wanaijua hali hiyo. Wakiiona huanza kukimbia. Katika nchi tajiri, madaktari walifundishwa kwa miaka mingi kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji ya chumvi mshipani kwa haraka. Kipimo kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha arudiwe ikiwa bado. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni kama kikombe kimoja cha chai. Fundisho hili lilikuwa na maana. Ikiwa damu haizunguki, ongeza maji katika mishipa, nayo itazunguka. Nani angebisha?

Lakini hakuna aliyekuwa amelipima sawasawa kwa watoto kama wa kwetu. Katika hospitali zetu nyingi fundisho hilo lilikuwa halijashika mizizi, na wengi waliona ni aibu, ni upungufu wetu, kwamba mtoto wa Kiafrika hapati kile apatacho mtoto wa London. Basi Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi kule Kilifi na watafiti wa KEMRI, pamoja na wenzake wa Uganda na Tanzania, wakaazimia kupima. Kazi ilianza Januari 2009 katika hospitali 6: Kilifi hapa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, na Teule iliyoko Muheza, Tanzania, ambayo Kanisa letu la Kianglikana la Tanga lina mkono wake ndani yake. Jaribio hilo waliliita FEAST, na neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni karamu. Jina la furaha, lakini ngojeni.

Watoto waliofikishwa katika hali ile waligawanywa katika mafungu matatu. Fungu moja walimiminiwa maji ya chumvi kwa haraka. Fungu la pili walimiminiwa maji yenye albumini, ambayo ni sehemu ya damu, nayo ni ghali zaidi. Fungu la tatu hawakumiminiwa kwa haraka. Walipewa maji ya pole pole ya kawaida tu. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, sukari kwa aliyepungukiwa, damu kwa aliyehitaji, na jicho la muuguzi karibu nao. Na ni nani aliyeamua mtoto huyu aingie fungu gani? Hakuwa daktari. Palikuwa na bahasha zilizofungwa, zenye nambari, zikifunguliwa kwa zamu. Kwa lugha yetu ya Biblia, walipiga kura.

Nilipoieleza habari hii katika ibada ya nyumbani kule Kawangware, mzee mmoja alikasirika. Akasema, “Mchungaji, watoto mahututi wapigiwe kura kama kondoo wa mnada?” Swali lake ni la haki, na sitaki kulipita haraka. Wazazi wengi wangeuliza vivyo hivyo.

Kwanza, wazazi waliulizwa. Pale ambapo mtoto alikuwa karibu kufa na hapakuwa na wakati wa maelezo marefu, mzazi aliombwa idhini kwa mdomo, na maelezo kamili yakafuata baadaye. Pili, fikirini kura yafanya nini. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, mitume walikuwa na watu wawili wanaofaa kuchukua nafasi ya Yuda, nao wakapiga kura ili jambo lisitegemee urafiki wala macho ya mtu. Daktari akiruhusiwa kuchagua mwenyewe, atampa dawa mpya yule anayemhurumia zaidi, pengine aliye mgonjwa zaidi, au aliye na nguvu kidogo na matumaini. Mwishoni hatajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni uchaguzi wake. Bahasha haimjui mtoto wa chifu wala mtoto wa mchuuzi. Tatu, na hili ndilo nililomwambia yule mzee, kura hiyo ilipigwa kwa sababu hakuna aliyejua. Kama wangalijua, ingekuwa dhambi kupiga kura.

Danieli naye alifanya jambo la namna hii. Someni sura yake ya 1 mkifika nyumbani. Msimamizi wa mfalme aliogopa kwamba vijana wale wakila mboga na maji watakonda, naye atakatwa kichwa. Danieli hakumhubiria. Alimwomba awape siku 10, kisha aziweke nyuso zao karibu na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme, alinganishe, na atende kadiri atakavyoona. Napenda sana unyenyekevu huo. Danieli alimwamini Mungu kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo hakuogopa kulinganishwa.

Basi turudi hospitalini. Walikusudia kuchukua watoto 3,600. Ilipofika Januari 2011, walipokuwa wamechukua watoto 3,141, kamati iliyowekwa kuziangalia hesabu iliamuru kazi isimame. Katika saa 48 za kwanza walikufa watoto 111 kati ya 1,050 waliomiminiwa albumini. Walikufa 110 kati ya 1,047 waliomiminiwa maji ya chumvi. Na katika lile fungu la tatu, ambalo watu walilihurumia kwa kukosa, walikufa 76 kati ya 1,044.

Kwa kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, kama 3 zaidi walikufa.

Walioendesha kazi hiyo walitazamia kinyume. Na kuna hesabu moja ndani ya habari hii ambayo hainitoki moyoni tangu nilipoisoma. Baada ya saa moja, waliwatazama watoto kuona kama mzunguko wa damu umerudi. Katika waliomiminiwa maji, 43 katika kila 100 walikuwa wamerudiwa. Katika wasiomiminiwa, ni 32 tu. Mwaona jambo hilo? Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono ikipata joto. Aliona moyo ukitulia. Mama aliona rangi ikirudi usoni mwa mtoto wake, akamshukuru Mungu. Kama ungaliwauliza wakati ule, wote wangalitoa ushuhuda kwa moyo safi kwamba maji yamemsaidia. Na katika saa zilizofuata, watoto wa fungu hilo walikufa wengi zaidi.

Jicho la kitandani halikuweza kuliona jambo hili. Daktari mzuri akiwatibu watoto 100 wa hali hiyo kwa mwaka, ataona wamekufa 7 au wamekufa 10. Atasema mwaka huu ulikuwa mbaya kidogo. Angeweza kufanya kazi hiyo miaka 30, akastaafu kwa heshima, akapewa zawadi, bila kujua. Ilihitaji hospitali 6, nchi 3, bahasha zilizofungwa, na watu waliokubali kuhesabu hata wafu wao.

Sisi Wakristo wa Kiprotestanti ni watu wa ushuhuda. Katika Afrika Mashariki uamsho ulitufundisha kusimama na kusema Bwana alivyotutendea, na sitaki mtu anielewe kwamba naudharau ushuhuda. Lakini ushuhuda una kasoro moja tunayopaswa kuijua: anayesimama kutoa ushuhuda ni aliyepona. Aliyefariki hasimami. Mtu akisema kanisani, “Nilikunywa majani fulani nikapona,” anasema kweli. Amepona kweli. Lakini ili tujue kama ni majani, yatupasa kuwauliza pia walioyanywa wakazikwa Lang'ata, na hao hawatajibu. Mchungaji anayewaletea waumini wake dawa kwa nguvu ya ushuhuda wa watu watatu, hata kama anawapenda, asimama mahali pa waganga wa Marko.

Tuliyaona mambo hayo mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo, na kabla ya mwezi kuisha makanisa yetu yalikuwa yamefungwa milango. Pale Mbagathi wagonjwa wakatengwa. Simu zetu zikajaa dawa: limau, tangawizi, kujifukiza, vidonge vya malaria. Kila dawa ilikuwa na mtu wa kuisifu. Wakati huo huo, kule Uingereza, walipiga kura ya bahasha, ingawa sasa bahasha ni kompyuta, kwa maelfu ya wagonjwa hospitalini. Kufikia Juni 2020 walikuwa wamejua mambo mawili. Haidroksiklorokwini, dawa jamaa ya ile ya malaria iliyosifiwa na wakubwa wa dunia, haikuwaokoa wagonjwa wale. Na deksamethasoni, dawa ya zamani, ya bei nafuu, ambayo hakuna aliyeipigia debe, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Tena haikuwafaa wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Dawa moja, ugonjwa mmoja, na bado ilibidi kuuliza: ni kwa nani?

Swali hilo la “kwa nani” laniletea neno la tahadhari, na naomba kila mama anisikilize vizuri. Asiondoke mtu hapa akisema, “Mchungaji amesema maji ya dripu huua.” Sikusema hivyo. Watoto waliokuwa wakihara sana hawakuwamo katika jaribio lile, kwa makusudi, kwa kuwa mtoto anayehara na kutapika amepoteza maji naye lazima arudishiwe. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon kule India, kipindupindu kilikuwa kikiua kama watu 30 katika kila 100, na maji ya mshipani yakawa yamekwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa watu maji ya kunywa yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Vifo vikashuka hata kuwa chini ya 4 katika 100. Kipindupindu bado chatutembelea hapa jijini kila baada ya muda. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na umpeleke kwa daktari mapema. Daktari akisema awekewe dripu, awekewe. Ninalosema ni kwamba usimlazimishe daktari kuweka dripu ili moyo wako utulie. Muulize, “Daktari, mtoto wangu ana nini, na maji haya ni ya kufanya nini?” Daktari mwema hatakasirika.

Wako waliosema kwamba matokeo ya 2011 yahusu tu hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Pengine. Lakini hospitali hizo ndizo za watoto wetu wengi. Vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache, na gharama yake mnaijua ninyi mliowahi kuitisha harambee usiku ili ndugu apokewe. Tena jambo hili halikuishia kwa watoto. Kule Lusaka, Zambia, walipima matibabu ya namna hiyo kwa watu wazima 209 wenye maambukizo makali na damu iliyoshuka nguvu, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Waliopewa maji mengi mapema walikufa 48 katika 100. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikufa 33. Na Shirika la Afya Duniani, lililokuwa limeendelea na fundisho la zamani kwa miaka kadhaa baada ya 2011, lilitoa mwongozo mpya wa watoto mwaka 2016, ukionya dhidi ya kumimina maji kwa haraka kwa watoto wengi wa hali hii. Miaka 5. Naona ni mingi. Lakini hata Petro alihitaji kuonyeshwa lile shuka lenye wanyama mara tatu.

Wazee wetu wa ushirika watakumbuka mfano mwingine wa hapa kwetu. Zamani mtu aliyeugua kifua kikuu alitibiwa miezi 18. Hospitali ya Mbagathi ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na wako wazee wanaokumbuka jamaa zao waliolala huko muda mrefu, mbali na mke na shamba. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki pamoja na wale wa Uingereza walipima matibabu ya miezi 6 kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nao wakaona kwamba pakiwa na rifampisini au pirazinamidi ndani yake, miezi 6 yaweza kutosha. Matibabu ya kifua kikuu ya miezi 6 ambayo yameokoa mamilioni ya watu duniani yamezaliwa sehemu kubwa kutokana na makohozi na damu ya wagonjwa wa nchi hizi. Majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote nilijualo.

Naja sasa kwa neno lililo gumu kwangu kama mchungaji. Wako wazazi, pengine nanyi mwanisikiliza, ambao mtoto wao alimiminiwa maji miaka ile, katika jaribio au katika hospitali yoyote iliyofuata fundisho la vitabu, naye akafa. Mkisikia hesabu hizi mtauliza: Je, ni maji yaliyomuua mtoto wangu?

Mama, baba, hakuna awezaye kukujibu. Hesabu yaweza kutuambia kwamba katika 100 walikufa 3 zaidi. Haiwezi kutuonyesha ni watatu gani. Watoto wale walikuwa wagonjwa sana, na hata katika fungu lililopona zaidi walikufa 7. Muuguzi aliyeifungua chupa ile alikuwa akikimbia ili amwokoe mtoto wako, kwa maarifa yote aliyokuwa nayo siku hiyo. Wewe uliyekubali hukumtoa mtoto wako mhanga. Ulimleta kwa watu waliompenda. Na Mungu, ambaye Bwana wetu alisema shomoro haanguki pasipo yeye kujua, alimjua mtoto huyo kwa jina, nje ya hesabu yoyote.

Lakini nataka ujue na hili. Kwa sababu watoto 3,141 walihesabiwa mmoja mmoja, watoto wengine hawakumiminiwa maji yale. Wako wengine leo wanasoma shule, pengine hapa Kangemi, pengine Mbale, wala wazazi wao hawajui kwamba walipona kwa kutofanyiwa jambo. Hawatasimama kutoa ushuhuda, maana hawajui kuna la kushuhudia.

Wengine wataniambia kwamba kupima namna hii ni kumjaribu Mungu, na Torati imekataza. Nimelifikiri sana jambo hilo. Israeli walimjaribu Mungu pale Masa walipotaka athibitishe kama yuko pamoja nao. Hapa hatumtaki Mungu athibitishe lolote. Tunaotiwa mizanini ni sisi, na kazi za mikono yetu. Paulo, anapowaombea Wafilipi katika sura ya 1, aya ya 9, haombi tu kwamba upendo wao uongezeke. Aomba uongezeke ukiwa na maarifa na utambuzi. Nimekaa na kamati nyingi za kanisa zilizojaa upendo, zikiendesha miradi ya visima, ya yatima, ya wajane, na ni mara chache nimesikia mjumbe akiuliza, “Baada ya miaka mitatu hii, wale wajane wana hali gani wakilinganishwa na wale ambao hatukuwasaidia?” Swali hilo halina utovu wa imani ndani yake. Aliyeuliza swali la namna hiyo juu ya watoto mahututi aliokoa maisha yao.

Tarehe 18 Oktoba ni siku ya Mtakatifu Luka, ambapo makanisa yetu huombea hospitali. Mwaka huu, mkiwaombea madaktari na wauguzi, waombeeni pia wale wanaokaa ofisini wakijumlisha nambari, ambao hatuwaoni wala hatuwapelekei matunda.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba wa rehema, uwaangalie usiku huu watoto waliolala mahututi katika wadi za jiji hili, na mama zao walioketi sakafuni kando ya vitanda. Uwape wauguzi wa zamu nguvu hata asubuhi. Uwape madaktari moyo wa kutenda na moyo wa kujizuia, na uwafundishe wakati wa kila kimoja. Uwakumbuke watoto waliokufa ili sisi tujue. Uwafariji wazazi wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.